Chupa Namba Arobaini na Moja

Nianze na gauni, maana wivu wangu ulianza siku ya gauni. Watafiti wa afya walikuwa wanakuja mtaani kwetu kuomba tuwachagulie mtu mmoja wa kukaa nao mezani, nami nikalipiga pasi gauni langu la bluu mara mbili, nikapaka viatu rangi, nikakaa mstari wa mbele kwenye ukumbi wa shule. Viatu vilinibana. Nikasema ni kwa sababu sijavivaa siku nyingi.

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Asubuhi navunja kokoto machimboni kama wenzangu, lakini mchana ukishapinda mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, mwaka wa kumi na saba huu. Nimepima uzito watoto ambao leo wana watoto wao. Nimewasindikiza wajawazito zahanati mvua ikininyea mgongoni. Mkoba wangu wa kijani unajulikana mpaka na mbwa wa mtaa, ndiyo maana wananiita Dokta Mkoba. Wao wanaona ni utani, mimi nilikuwa naona ni cheo.

Daktari aliyewaongoza watafiti alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani na sauti ya chini. Alisema watu wa mtaa wetu tunaumwa figo kuliko watu wa ng'ambo ya barabara kuu, na hakuna ajuaye kwa nini. Alikiri kwamba wenzake wa miaka ya nyuma walikuja, wakauliza maswali waliyoyatunga huko kwao, wakaondoka na majibu yetu kimoja. Safari hii wanataka mwenzetu awe nao tangu mwanzo, aseme kipi kiulizwe na kiulizwe vipi. Nikajiweka sawa kitini. Mwenyekiti akauliza tumpe nani. Sauti ikatoka nyuma: Bi Vidole. Nyingine ikaitikia: Bi Vidole huyo huyo. Kufumba na kufumbua, ukumbi mzima mikono juu.

Bi Vidole ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa mwisho. Ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka pembeni, vigoda viwili na benchi, na humo wanawake wa mtaa huu humwaga kila walicho nacho moyoni wakiwa wamebanwa kichwa katikati ya magoti yake. Mimi sijawahi kukaa pale. Miaka kumi na miwili tangu aolewe, kichwa changu nakifunga kitambaa na nywele najisuka mwenyewe, vibaya. Mdogo wangu huyo nilimbeba mgongoni mama alipofariki, nikamlea mpaka akawa pande la mtu, wenzake machimboni wakamwita Greda. Halafu akaja mtu mwenye vidole vyepesi akamchukua, na wote wakapiga vigelegele, nami nikapiga. Sasa amechukua na kiti changu.

Nilipiga makofi siku ile mpaka viganja vikawaka moto. Nilipofika nyumbani nililivua gauni nikalitupa kwenye beseni kama lina uchafu.

Nilijipa moyo kwamba atachemsha. Atajua nini huyu kuhusu figo? Aliye juu mngoje chini, nikasema, nami nikakaa kumngoja.

Wiki ya kwanza tu akanivunja nguvu. Watafiti walikuwa na fomu yenye swali linalouliza mtu anakunywa glasi ngapi za maji kwa siku. Wifi akawaambia walifute. Akasema kila mwanamke atajibu nane, kwa sababu picha iliyobandikwa zahanati inasema nane, na hakuna anayetaka kuonekana mjinga mbele ya mgeni. Waulizeni hivi, akasema: ukiwa machimboni, unakwenda haja wapi? Watafiti wakatazamana. Nasikia daktari alivua miwani akaifuta. Machimboni kwetu hakuna choo. Wanaume hujificha nyuma ya jabali wakamaliza. Mwanamke anabana kutoka alfajiri mpaka saa tisa, na ili aweze kubana, hanywi maji, na jua lile linamkausha kama dagaa.

Habari hiyo nilihadithiwa na watu watatu siku moja, kila mmoja akisifu akili za Bi Vidole. Roho iliniuma si kidogo. Kilichoniuma si kwamba alisema uongo, bali kwamba alisema kweli, na kweli hiyo nilikuwa naijua mimi kwa mwili wangu miaka ishirini na miwili. Sikuwahi kuisema kwa mtu mwenye kalamu kwa sababu hakuna mwenye kalamu aliyeniuliza, na mimi nilidhani ya maana ni yale wanayouliza wao.

Alikuja kuniomba nijiandikishe. Alikuja kwa adabu, wifi huku wifi kule, akasema mtu kama mimi akiwemo wengine watafuata. Nikamjibu sina muda, nina watu wa kuwahudumia. Alipotoka nilimtazama mgongo mpaka akapotea kwenye kona, nikimwomba Mungu ajikwae. Hakujikwaa.

Baada ya maswali zikaja chupa. Kila aliyejiandikisha alipewa chupa ndogo yenye stika ya namba, aijaze mkojo wake wa kwanza wa asubuhi, iwe imefika saluni kabla ya saa mbili, na wifi anaipanga kwenye sanduku la barafu. Siku ya kwanza ya chupa nilichelewa kwenda machimboni, nikapita kwa bibi mmoja wa nyumba ya pembeni kumpelekea dawa yake ya presha. Nikamkuta ugani ameinama, chupa sita zimepangwa kwenye ubao, kopo moja mkononi, anazigawia kama anayegawa chai ya msiba: wewe kidogo, na wewe kidogo. Nikamuuliza mkojo wa nani. Wa mjukuu, akajibu, wenyewe wameshakwenda kazini. Akaniona nimeduwaa akanielewesha, maana alinihurumia kwa ujinga wangu. Chandarua tuligawiwa kwa nyumba, akasaini mmoja. Waliokuja kutuhesabu walijibiwa na mmoja. Kadi za dawa za minyoo anakwenda mmoja anachukua za wote. Hao wa ofisini siku zote wanahesabu nyumba. Mkojo nao ni wa nyumba, damu si moja?

Nilikuwa na kazi ya kumwambia kwamba kila chupa ni ya mtu wake. Ndiyo kazi yangu hasa, ndicho nilichobebea mkoba miaka yote hiyo. Lakini nilichokiona pale ugani ni kitu kingine: nilimwona Bi Vidole mbele ya daktari, sanduku lake limejaa chupa za uongo, uso umemshuka. Nikampa bibi dawa zake, nikamsifu kwa usafi wa kopo, nikafunga mkoba wangu. Nyumba tatu zaidi nilikuta hivyo hivyo. Siku hiyo nilitembea mwepesi kama niliyetua mzigo.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Greda akanibishia mlango. Mkewe alikuwa ameshawahi saluni kupokea chupa, na njia ya Greda ya machimboni inapita kwangu, haipiti kule. Akanipa chupa yake imejaa, namba arobaini na moja, akaniomba nimfikishie wifi yangu, maana siku hiyo nayo nilikuwa nachelewa kazini. Akacheka akasema mkewe amemtishia talaka asipojaza. Nikaiweka ndani ya mkoba, nikaendelea na mambo yangu.

Nilipoufungua mkoba nimekaribia kutoka, kadi zangu za watoto zilikuwa zimelowa. Greda na mikono yake ile ya kuvunja mawe hakukaza mfuniko. Chupa tupu.

Ningefanya nini? Ningekwenda nikamwambie wifi, mbele ya benchi lililojaa wanawake, kwamba Dokta Mkoba ameshindwa kubeba chupa moja hatua mia mbili? Wangecheka mpaka wiki ijayo, na yeye angecheka kwa upole, na huo upole ndio ningeshindwa kuumeza. Nikasema afadhali nife. Nikaingia chooni na chupa namba arobaini na moja, nikaisuuza, nikaijaza mwenyewe. Damu si moja? Mimi na Greda tumetoka tumbo moja. Nikaikaza mfuniko barabara, nikampelekea. Akanishukuru. Nikamwambia si kitu.

Wiki tatu zilipita. Siku moja jioni wifi akaingia kwangu bila hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, barua mkononi na nyuzi za rasta bado zimemning'inia begani. Akaketi chini sakafuni. Greda ana figo, akasema. Nikaichukua barua nikaisoma. Mkojo wa namba arobaini na moja ulikuwa na protini nyingi mno, dalili kwamba figo zinaharibika. Mhusika apumzike kazi nzito, aache vidonge vya maumivu, na Alhamisi ya wiki ijayo afike hospitali kubwa kutolewa damu.

Nikasoma tena. Kisha nikatazama miguu yangu. Ilikuwa imevimba juu ya kandambili kama ilivyovimba kila jioni mwaka ule wote, alama ya mkanda imezama. Nilikuwa nimelaumu viatu, nikalaumu umri, nikalaumu chumvi. Kwa wagonjwa wangu nina msemo ambao wanauchoka: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikaa na barua ile mkononi nikiisoma habari yangu iliyoandikwa kwa jina la mume wa mtu.

Wifi alikuwa analia. Nilimshika bega, nikamwambia atapona. Hilo tu ndilo nililoweza.

Usidhani nilikimbilia kusema. Nilipiga hesabu zangu. Damu ya Greda itatoka safi, watasema mashine ilikosea, yataisha. Mimi nitaanza kunywa maji kimyakimya, nitakwenda zahanati ya mbali wasikonijua. Nani atajua? Kusema maana yake ni kukiri kwamba mimi, mwenye mkoba, nimechezea chupa, na kukiri mbele ya Bi Vidole huyo huyo. Zahanati wangeuchukua mkoba siku hiyo hiyo.

Siku mbili nikakaa kimya, na siku hizo mbili niliona maajabu ya roho yangu. Greda alilazwa kitandani akiwa mzima kama ng'ombe. Majirani waliingia na uji, na matunda, na dua. Wanaume wa machimboni walikuja kumshika mkono wakitazama chini. Wifi alifunga saluni akakaa kando yake akimpepea. Mimi nilikuwa jikoni kwao nikiosha vikombe vya wageni, miguu inaniuma, na unajua nilikuwa najisikiaje? Nilikuwa naona wivu. Namwonea wivu mdogo wangu kwa ugonjwa wangu. Hata huo nao ulikuwa umehamia nyumba ya Bi Vidole, ukapewa shuka safi.

Siku ya tatu wifi alikwenda dukani, nikabaki na Greda. Aliniita nikae kitandani. Amekonda kidogo, si kwa maradhi, kwa hofu. Akasema haumwi popote lakini barua haisemi uongo, na msimamizi ameshampa mtu mwingine nyundo yake kubwa. Halafu akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo akiogopa radi.

"Dada, nikifa, usimwache wifi yako. Najua humpendi. Najua tangu siku ya harusi. Lakini hapa mtaani hana mtu mwingine."

Nilitaka kukana. Miaka kumi na miwili nilidhani nimeuficha vizuri wivu wangu, kumbe mtoto niliyemlea alikuwa anauona kila siku na ananistahi. Nikamwambia hafi. Akadhani namfariji. Nikatoka pale, nikapita jikoni nikachukua mkoba, nikashika njia ya saluni, maana wifi alikuwa ameniaga kwamba akitoka dukani atapitia huko kuchukua daftari lake la namba.

Nilimkuta peke yake. Kioo kilichopasuka kilinionyesha vipande viwili vya uso wangu, na vyote vilikuwa vibaya. Sikujua niseme vipi nikiwa nimemkabili. Basi nikafanya nilichokuwa nimeapa sitafanya: nikakaa kwenye kigoda, nikampa mgongo, nikafungua kitambaa.

Alisimama kidogo, kisha nikasikia benchi likilia akikaa nyuma yangu, magoti yake yakanishika mabega, vidole vikaingia kwenye nywele zangu. Vilikuwa vyepesi kweli. Akaanza kufumua ile mistari yangu ya kombo, na mimi nikaanza kusema. Nikasema mkoba ulilowa. Nikasema chupa niliisuuza. Nikasema ule mkojo ulikuwa wangu.

Vidole vikasimama.

Sikugeuka. Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikamwambia habari ya bibi na chupa sita, na zile nyumba tatu, na kwamba huenda nusu ya sanduku lake ni mkojo wa wajukuu na wake waliobaki nyumbani, na wagonjwa wenyewe wako juani wameandikiwa barua za kuwa wazima. Nikamwambia nilijua tangu siku ya kwanza. Akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia kwa sababu walikunyooshea wewe mikono.

Magoti yaliniachia. Alisimama akaenda mlangoni, akakaa huko ananipa mgongo, mkono mmoja kwenye fremu. Nilikaa na kichwa nusu kimefumuliwa, nusu bado, kama mwendawazimu, nikasubiri matusi. Nilikuwa nayataka.

"Siku tatu nimelala macho," alisema, bila kugeuka. "Nimemwosha miguu. Nimemwandikia mama yangu aanze safari. Wivu wako umenipa mume maiti, wifi."

Nikasema ndiyo.

Mtu alipita akamsalimia, akaitika kama kawaida. Kisha akarudi ndani, nikadhani anakuja kunifukuza. Akafungua kabati, akatoa fomu mpya ya maswali, kalamu, na chupa. Akafungua daftari akatafuta namba iliyobaki mwisho kabisa, mia moja na tisini, akaiandika kwenye stika, akaibandika kwenye chupa akaisugua kwa kidole gumba mpaka ikashika. Akasema kesho yeye mwenyewe atakwenda kumweleza daktari, majibu ya chupa zote za mtaa yafutwe, na kuanzia kesho kutwa chupa mpya zitajaziwa langoni machimboni, ndani ya hema la kujisitiri watakalolileta watafiti wenyewe, na mimi nitasimama pale na mkoba wangu kuhakikisha kila mtu anajaza mkojo wake. Nikamuuliza kama bado nina mkoba. Akasema hilo wataliamua daktari na zahanati, lakini bibi wa chupa sita hatamsikiliza mtu mwingine. Halafu akasema Alhamisi tutakwenda hospitali watatu: Greda akahakikishwe, na mimi nikatolewe damu.

Ndipo akakaa. Si nyuma yangu, mbele yangu, kwenye kigoda cha pili, magoti yetu yakakaribia kugusana. Akaweka fomu juu ya daftari. Aliuliza umri wangu, ingawa anaujua. Aliuliza kazi yangu, akaandika mbili. Akafika kwenye swali lake, lile alilowafundisha watafiti, akaliuliza taratibu, kama anavyomuuliza mtu yeyote, na nikaona kwa nini walimchagua.

"Ukiwa machimboni, unakwenda haja wapi?"

Miaka ishirini na miwili nilikuwa na jibu hilo.

"Siendi," nikamwambia. "Nabana mpaka nirudi nyumbani. Ndiyo maana sinywi maji."

Akaliandika lote, hakufupisha.